Nilipoomba Barua Irudi, Ukoo Mzima Ukaifungua

Mpendwa Shangazi Desanka, nisaidie, maana nyumbani kwangu sasa anayenisemesha ni mbwa tu. Mimi ni fundi wa milango na madirisha hapa Užice, nilianza na msumeno mmoja, leo nina wafanyakazi kumi na wanane, kwa hiyo hesabu naijua, na ndiyo iliyoniponza. Slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Nikola anayelinda ukoo wetu, ni wiki ijayo, na mila unaijua, hakuna kualikana, anayekuja anakuja, na mwaka jana nilihesabu vichwa hamsini na viwili, ndipo nikamwandikia dada yangu Borka barua pepe kwamba safari hii tuseme mama anaumwa, tufunge mlango, maana mjomba Vitomir anakula samaki kama anayepakia lori, na Slavojka, aliyesimamia ndoa yangu, analeta boksi la chokoleti lile lile nililompelekea mimi mwaka juzi, nalijua kwa kona iliyobonyea. Kumbe sikumwandikia Borka peke yake, nimeiandikia orodha ya ukoo, watu thelathini na mmoja, tuliyoianzisha ili kuchangia kaburi la babu.

Nikakimbilia kile kitufe cha kurudisha barua. Shangazi, hakirudishi kitu! Kinawatangazia wote kwamba Ratomir anaitaka barua yake yenye kichwa “Namna ya kuwakwepa.” Kabla sijabonyeza walikuwa wameisoma wawili, baada ya hapo wote. Mjomba akanipigia, “Mpwa wangu, mimi barua zako huwa sifungui, najua ni bei za madirisha. Ulipoomba irudi ndipo nikatafuta miwani.” Mama yangu naye kasimama mlangoni mikono kiunoni, “Naumwa, Ratomir? Naumwa wapi? Nionyeshe!” Kisha akakaa akalia, eti mkate wa slava atamkandia nani. Hakuna atakayekuja, na mtaa mzima utaona. Na kuwaalika siwezi, kualika watu slava ni kuwatukana. Mteja akiona mlango umepinda ananirudishia, naubeba bila neno. Kwa nini barua tu ndiyo isirudi? Serikali haioni?

Ratomir, Užice

Ratomir, pole, na sasa nyamaza kidogo. Serikali unaitakia nini? Mlango unarudishwa kwa sababu umetoka tofauti na ulivyokusudia. Barua yako ilinyooka vizuri kabisa, ila imefika kwa wenyewe. Aliyekosea tarakimu au jina la mteja, huyo ningempa nafasi ya kuirudisha kabla haijafunguliwa. Wewe unataka watu thelathini na mmoja wasijue unavyowaona, na hilo halina kitufe. Na kingefanya kazi, ungetubu? Wapi! Ungempigia Borka simu mwendelee pale pale.

Halafu unanililia vichwa hamsini na viwili! Hapa mjini kuna nyumba zinazopika siku tatu na kengele hailii hata mara moja. Wewe umejaliwa watu, ukawageuza gharama za karakana.

Sasa sikiliza. Usiandike barua ya kuomba radhi, utabonyeza vibaya tena. Anza na mama yako, umemsingizia ugonjwa mtu mwenye afya yake mbele ya ukoo. Kisha nenda kwa mjomba kwa miguu yako, useme, “Mjomba, nilikusengenya, nimekosea,” ukomee hapo. Slava usiitaje, maana utakuwa umealika. Akikutukana, meza. Akikumiminia rakija, ile pombe kali, kunywa, hujafika pale kuchagua. Kwa Slavojka fanya hivyo hivyo, na ole wako umtajie kona ya boksi. Wengine uwamalize mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, si kwa orodha.

Siku yenyewe pika kwa wote kama mwaka jana, usipunguze hata mkia. Fungua mlango asubuhi na usikae, mwenye slava huwa hakai. Wakija, wahudumie na usihesabu. Wasipokuja, endelea kusimama hadi jioni, mama yako akuone.