Likizo Ambayo Baba Yao Hakuambiwa

2 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Sisi huku wazima, tena wazima wa kupitiliza.

Mama, kaa chini kwanza. Umekaa? Tunakuja! Mimi na wajukuu zako wote wawili, tarehe 26, shule zikifungwa tu. Kiwanda cha mikate kimenipa likizo ya wiki tatu. Msimamizi aliposaini fomu nilimkumbatia na unga wangu wote, akabaki mweupe kama mkate usiookwa. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu Chiriku, yule mkubwa, akinisikia tu, mtaa mzima utajua. Mdogo wake amepanga sanduku lake mara nne. Ndani kuna mto na buti za mvua, nguo hakuna.

Jambo moja: baba yao sijamwambia. Unamjua. Tangu tuachane, nikisema mashariki yeye anasema magharibi. Hati za kusafiria ninazo mimi. Jumamosi zake nitamfidia tukirudi.

Nahesabu siku!

Binti yako

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananiuma, ila leo yamecheza. Barua yako niliisomea kazini, katikati ya mashuka ya hoteli, nikapiga kigelegele hadi wenzangu wakadhani mashine ya kufulia imeshika moto. Miaka mitano sijawashika watoto hao! Nimeshanunua miswaki miwili.

Lakini mwambie baba yao. Kuuliza si ujinga.

Nikuambie kitu ambacho hakisemeki kwenye simu. Ulipokuwa na miaka saba nilikuvusha mpaka, tukaenda kwa mama yako mdogo siku tisa. Wewe unakumbuka kuogelea na aiskrimu. Baba yako sikumwambia, tulikuwa tumegombana. Tuliporudi nilimkuta amekonda. Alikuwa amezunguka kila hospitali, hadi chumba cha maiti, akiulizia mtoto mwenye gauni la kijani. Hakunipiga wala hakunitukana. Ila tangu siku ile, ukichelewa kutoka shule dakika tano tu, alisimama mlangoni mpaka akuone. Hivyo hivyo mpaka ukawa mtu mzima.

Natamani kuwaona kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini usiniletee kwa siri hivyo.

Mama yako

27 Juni

Mama,

Shikamoo. Jana kwenye simu nilikuambia tu kwamba tumekwama, kisha kilio kikanishika. Sasa nikusimulie vizuri.

Barua yako ililetwa asubuhi ile ile, teksi ikiwa mlangoni. Nikaitia mkobani bila kuifungua. Kwenye uwanja wa ndege, afisa wa uhamiaji akapekua hati zetu, akamtazama Chiriku.

"Baba yuko wapi?"

"Yuko gereji, anatengeneza lori bovu sana!"

Afisa akanigeukia. "Dada, barua ya ridhaa ya baba yao?"

Nikasema sina. Akasema kwa upole, lakini akasema: bila barua yenye muhuri wa wakili, watoto hawavuki.

Nikakaa juu ya sanduku, nikaifungua barua yako. Nilipofika kwenye gauni la kijani, nikampigia baba yao.

Alikuja na ovaroli lake, mikono imejaa grisi. Nikajiandaa kwa vita. Kabla hajafungua kinywa, mdogo akamrukia shingoni. "Baba! Umekuja kutuaga!"

Alinitazama juu ya bega la mtoto, Mama, muda mrefu. Kisha akasema, "Ndiyo. Nimekuja kuwaaga."

Ndege ikaondoka bila sisi. Tukakaa wote wanne kwenye benchi moja, watoto wakilia.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungekataa."

"Ningekataa. Halafu ningefikiria. Wewe hukunipa hata nafasi ya kufikiria."

Nikamwomba radhi, na sikumwomba kwa mdomo tu.

Leo asubuhi tumeenda kwa wakili, baba yao amesaini! Anataka asikie sauti zao kila jioni, na likizo ijayo waende naye kwa mama yake, nami nisaini bila kununa. Tumehamishiwa ndege ya tarehe 18 Julai, na msimamizi amekubali kunisogezea likizo. Mama, tunakuja kweli sasa!

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena! Mwenzangu wa zamu amekubali kunishikia kazi. Kitanda cha watoto nimeazima kwa jirani, tumekipandisha ngazi watu watatu kwa vicheko.

Jana niliitwa kwenye simu kazini. "Shikamoo, Mama." Nikaitambua sauti. Tangu mwachane hatujasemezana, na maneno niliyomwambia siku ile siyarudii.

"Mdogo haogopi ndege," akasema, "anaogopa kulala mlango ukiwa umefungwa. Na Chiriku akinyamaza ghafla, ujue homa inakuja." Akataka kukata.

"Ngoja," nikamwambia. "Asubuhi wanakula nini?"

Tuliongea mpaka mashuka ya ghorofa nzima yakakauka. Wakati wa kuagana ulimi uliteleza, nikamwita mwanangu. Naye akaitika.

Ndege yenu inatua alasiri. Mimi nitakuwa pale tangu asubuhi.

Mama yako