Mkanda wa Harusi ya Yasmin

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Mzigo wa Yasmin umefika na basi la Dar! Deki ya video, nyaya tatu, na mkanda wa ngoma ya wanawake, ile ya ndani. Mdogo wangu kaolewa huko mwezi wa tano na Mama hakwenda, kiharusi kilishamlaza. Kila siku ananiuliza: Siti, nitamwona lini mwanangu alivyopambwa? Tivii na jenereta nimeazima kwa ami Mshamu. Nikachomeka. Chenga tupu! Mwalimu mzima wa hesabu, nashindwa na nyaya tatu.

Jumanne, 5 Agosti

Kila ninayemuuliza ananitajia jina moja — Bashiru, fundi redio wa sokoni. Kibiti nzima hakuna mwingine. Mungu wangu! Ndiye aliyeleta posa ya Yasmin mara mbili, Mama akairudisha. Simuozi mwanangu kwa fundi redio, alisema, tena kwa sauti, majirani wakasikia. Yasmin alilia wiki nzima. Nitamtazamaje usoni? Nimemwambia Mama. Kageukia ukutani.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo Mama kaamka na neno moja: Mwite. Lakini mwanamume asione mkanda ule. Shangazi zetu wamo humo vichwa wazi, wanakata viuno! Basi aelekeze bila kuona. Nimekwenda sokoni miguu mizito. Bashiru hakunisimanga hata kidogo. Kauliza tu, deki ina matundu mangapi nyuma? Nimeona haya mpaka basi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimetundika kanga mlangoni. Bashiru kibarazani, mimi ndani na Mama. Shikamoo mama, kasema. Mama kageuza uso kutoka ukutani — halafu, marahaba.

Waya wa njano ndio picha, dada Siti. Nisomee maandishi ya kwenye tundu. Nikasoma. Kacheka: umechomeka kinyume! Picha itoke kwenye deki, iingie kwenye tivii. Jamani! Siku zote hizo! Nikageuza, nikabonyeza kitufe alichosema.

Picha hiyo! Yasmin kakalishwa mkekani, hina mpaka viwikoni, shangazi wanamzunguka. Sauti haijaja, lakini nani anajali? Mama analia, anacheka, anamtaja kila mtu kwa jina.

Halafu Bashiru, taratibu: imeonekana? Imeonekana, kaka. Kasogea karibu na kanga. Yasmin anacheka?

Nikatazama. Bibi harusi hacheki, anainamisha macho, ndiyo desturi. Lakini mdogo wangu namjua. Ile haikuwa haya ya bibi harusi. Mama naye kaacha kucheka. Ananitazama mimi, si tivii.

Nikasema nakuleteeni chai, nikakimbilia jikoni. Ndipo ninapoandika, daftari gotini. Chai imechemka kitambo. Mtoto wa watu bado anangoja jibu kibarazani.

Kumbe Mama anaongea. Namsikia mpaka huku, kwa ulimi wake mzito: Bashiru... mwanangu...