Mfungo Wangu na Togwa ya Martina

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeamka mapema kusali. Katikati ya sala usingizi ukanichukua, nikajikuta nimepiga magoti na shavu liko kwenye godoro. Nikaanza upya. Ya pili nadhani ilifika.

Leo ndiyo mfungo wa kwanza. Kwenye semina ya kanisa kule Dongobesh, mwezeshaji alisema mtu kamili ana mafiga matatu: mwili, akili na roho. Nikajikagua palepale kwenye benchi. Mwili hauna shida, vilima vya Tlawi napanda kila siku kwenda shule. Akili ipo, nafundisha Hisabati na shahada nimeipata ukubwani. Figa la tatu nikaliona fupi. Nimeamua kulirefusha. Nitafunga Jumanne na Jumamosi mwezi mzima. Na sitamwambia mtu, maana mwezeshaji alisisitiza kwamba anayejitangaza kafunga bure.

Mume wangu Paulo amekunywa chai ya maziwa mbele yangu kwa kelele zote alizojaliwa. Nimemwambia tumbo halijakaa vizuri. Sijui kama huo ni uongo. Nadhani ni uongo mdogo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Njaa ya juzi imeisha, sifa imebaki. Najisikia mwepesi. Nimewapita walimu wenzangu wakigombania mihogo ya kukaanga nikawaonea huruma. Kisha nikala mihogo, maana leo si siku yangu.

Jioni Martina ameniita kwenye uzio. Ni jirani yangu, amenizidi miaka michache, na ndiye aliyenifundisha kuishi kitongoji hiki nilipoletwa na ndoa. Ana uvimbe tumboni. Madaktari wa Haydom wamempangia upasuaji Alhamisi ya tarehe 17, na wamemwambia asichelewe, unakua. Kabla hajaenda anataka samadi ifike shambani, mvua zisimkute hajajiandaa. Ameita watu Jumamosi. Nimesema nitakuja, bila shaka nitakuja.

Baadaye nikakumbuka Jumamosi nafunga. Nikawaza kuhamishia Ijumaa. Nikajibu mwenyewe: huko ndiko kulegea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeshinda.

Nimebeba samadi tangu asubuhi pamoja na akina mama wa kitongoji, kutoka zizini hadi shamba la juu. Punda wawili na sisi. Kichwa kinazunguka, jua kali, na sikumeza hata tonge. Wao makande, mimi nikajifanya nafunga mzigo vizuri.

Mwisho wa kazi Martina akaleta togwa. Kwetu ukimaliza kazi ya mtu, unaonja togwa yake kwenye kibuyu kimoja na wenzako, na mwenye shamba mwenyewe ndiye anayekupa. Kilipofika kwangu nikasema hapana, asante. Akadhani sijasikia, akakisogeza tena. Nikatikisa kichwa. Sikusema sababu. Sababu ni siri yangu na Mungu.

Kibuyu kikapita. Nimerudi nyumbani moyo umejaa furaha. Sijawahi kuwa na nguvu ya namna hii.

Jumapili, 6 Oktoba

Ibada nzuri. Martina amekaa upande mwingine, si kwenye benchi letu. Labda tumbo linamsumbua, kule kuna mahali pa kuegemea.

Jumanne, 8 Oktoba

Martina amerudisha sufuria yangu kubwa, jembe, na ungo ambao hata sikumbuki nilimpa lini. Amempa Paulo pale uzioni. Vyote vimesuguliwa vinang'aa. Hakuniulizia mimi. Asubuhi sikusikia salamu yake, ile ambayo huwa inaamsha kuku wote wa kitongoji.

Nimekasirika. Kosa langu nini? Nimembebea samadi siku nzima.

Mfungo leo umekuwa mchungu. Kidato cha pili nimewafokea wote kwa kosa la mmoja, na hata huyo mmoja baadaye nimeona alikuwa sahihi. Nyumbani nikamfokea Paulo kwa kuacha mlango wazi. Akaufunga polepole, akaniangalia, akasema tangu nianze kukua kiroho hakuna anayekaa kwa raha humu ndani. Sikujua kama anajua. Anajua. Mtu mliyekaa naye miaka yote hii humfichi tumbo tupu.

Nimelala nimenuna. Figa la tatu limerefuka upande mmoja tu, naona.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku mbaya.

Zuhura, mwalimu wa Kiswahili, binti wa wenye maduka kule Dongobesh, amenivuta pembeni ya ofisi ya walimu. Ameuliza nina ugomvi gani na Martina. Nikasema sina. Akasema basi mimi peke yangu ndiye sijui. Kwenye mashine ya kusaga habari ni moja tu: mwalimu amekataa togwa ya Martina mbele ya watu. Usipoonja togwa ya mtu umesema una kitu naye moyoni, au unaogopa amekutilia kitu. Nimezaliwa Tlawi. Najua haya kuliko Zuhura. Nilidhani kwa kuwa mimi nina nia njema, kila mtu ataiona.

La kuumiza ni hili. Martina haendi Haydom. Amewaambia ndugu zake hawezi kulala kwenye kitanda cha upasuaji wakati jirani yake wa karibu ana kinyongo naye. Afadhali asubiri mpaka mambo yakae sawa. Asubiri mpaka lini? Uvimbe haumsubiri.

Kwanza nilisema moyoni ushirikina mtupu. Halafu chaki ikanidondoka. Akifa je?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia Zuhura ukweli wote. Amecheka mpaka amejifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nilitamani kumpiga kwa rula.

Amesema wao wakifunga, mtaa mzima unajua, na magharibi mtaa mzima unakula pamoja. Kukaa na njaa ndiyo sehemu rahisi, amesema, kazi iko kwenye ulimi na kinyongo. Nikamwambia nikimweleza Martina, siri yangu itakuwa imevunjika na mfungo wote umeharibika. Akaacha kucheka.

"Mwalimu Anna, kati ya mfungo wako na Martina, Mungu atakuuliza habari za nani?"

Nimetembea kurudi nyumbani nikitafuta jibu la kumshinda, sijalipata. Nimeona kitu kibaya. Siku zote hizi siri yenyewe ndiyo niliyokuwa naipenda. Nilikuwa najitangazia mwenyewe, asubuhi na jioni, na nilikuwa msikilizaji mzuri sana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda. Nimekwenda nimefunga, maana ni Jumamosi.

Martina amenipokea kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. Nimesema shikamoo dada, akasema marahaba Mwalimu. Ameniletea kigoda kizuri, kile cha wageni. Mimi huwa nakaa kwenye gogo karibu na jiko. Akauliza habari za Paulo, za shule, za ng'ombe. Zote nzuri. Kisha akasubiri nitaje kilichonileta.

Nikamwambia. Semina, mafiga, Jumanne na Jumamosi, siri. Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kueleza kitu vibaya namna ile. Nililia katikati.

Akauliza:

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa na njaa?"

"Sana."

"Ukapanda na samadi yangu mpaka shamba la juu, na njaa."

Akaanza kucheka. Akashika tumbo kwa mikono miwili kwa sababu kucheka kunamuuma, akawa anacheka na kuugulia, ananiomba nisimwangalie. Nami nikacheka na pua yangu inachuruzika. Halafu akaacha ghafla, na hapo nikaona hasira yenyewe.

"Ungeniambia mimi, Anna. Mimi. Mungu angekukasirikia kwa kuniambia mimi?"

Nikasema nisamehe. Hakusema amenisamehe. Alisema siku zote hizo amekuwa akijiuliza amenikosea nini, akirudi nyuma mpaka mwaka nilioolewa, na amepata makosa kadhaa. Alinitajia mawili. Yote mawili nilikuwa sijui.

Nikadhani atanipa kitu nile, yaishe. Hakunipa. Amesema leo nimeshafunga na hawezi kuwa yeye wa kunivunjia, nikae tu. Tukakaa tukipukuchua maharage. Naye hakula. Nilipomkumbusha kwamba mgonjwa anapaswa kula, akanipa ungo nipepete. Jua lilipozama akapakua makande, tukala kwenye sinia moja, na sikumbuki chakula kitamu kama hicho. Paulo alikuja kunitafuta, akakuta yamebaki makombo. Amekula makombo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo ni sikukuu, hakuna shule. Martina atakwenda Haydom. Ametoa sharti moja, kwamba mimi ndiye nimsindikize, si shemeji yake anayesali kwa kupiga kelele. Mkuu wa shule amenipa ruhusa kwa simu, kwa kuguna.

Asubuhi ameniita kwa ile salamu yake. Kuku wote wameamka. Nimetoka nje na mswaki mdomoni, nikasimama tu nikimsikiliza.

Ungo amekuja kuuchukua tena. Amesema wake una tundu.

Jumatano, 16 Oktoba

Basi, vumbi, Haydom. Njiani Martina amepata rafiki, mama kutoka Basotu anayempeleka mumewe kliniki ya macho. Wakashauriana habari za samaki na ngano mpaka tunashuka, kana kwamba wote wawili wanakwenda sokoni. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumtia moyo. Sikupata nafasi.

Wodini nesi amesema kuanzia usiku asile wala asinywe. Martina akanigeukia akaniambia ananipa ruhusa ya kuwatangazia watu kwamba sasa naye kafunga. Mama wa kitanda cha pili akauliza tunacheka nini. Tumemweleza. Sasa wodi nzima inajua mfungo wangu. Naona imetosha.

Anaogopa. Taa zilipopunguzwa alinishika kidole kimoja tu, kama mtoto.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wamemchukua asubuhi.

Nimekaa kwenye benchi la nje na ndugu za wagonjwa wengine. Nilikuja na sala nimezipanga kichwani, nzuri, zenye vifungu. Hazikutoka. Dada mmoja hapo karibu alitaka kwenda kujisaidia, akanipa mtoto wake nimshike. Mtoto akalala begani kwangu. Nikasema Mungu, huyu Martina. Basi. Nikarudia hivyo hivyo mpaka mama yake aliporudi, na hata baada ya hapo.

Daktari ametoka akasema uvimbe umetoka wote. Nimemshukuru, kisha nikamshukuru mlinzi, na mfagiaji, na mtu aliyekuwa anauza karanga. Nimempigia Paulo, nikashindwa kuongea, akadhani ni mbaya, akaanza kulia huko. Tumelia wote wawili kwa vocha yangu kabla sijamwambia ni mzima.

Jumapili, 20 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi. Martina amekunywa uji kidogo, amelalamika hauna sukari. Dalili nzuri.

Nimefua kanga zake nikazianika nyuma ya wodi. Kengele za kanisa zimelia, sikwenda. Nimekaa naye. Amelala, ameamka, ameuliza samadi yake, amelala tena.

Mchana amekuja nesi mwingine, mgeni, kupitia wagonjwa. Akauliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikafungua mdomo niseme jirani.

"Ni ndugu yangu," Martina akasema, macho bado ameyafumba.

Nesi akaandika, akaenda kitanda kinachofuata.