Klipu ya Mtani wa Babu

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimerudi Korogwe mchana. Jana tulimzika babu Hussein kule Handeni. Macho bado mazito, nguo za chuo hata sijazipiga pasi.

Lakini tulicheka! Aibu kuandika, ila ndivyo ilivyokuwa. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo, na msiba bila mtani unapooza. Bibi Fatu tangu asubuhi anauliza tu, Mnyamwezi wangu yuko wapi? Akaja mzee Bernardo. Baba yake aliletwa huku kukata mkonge, hakurudi tena Tabora. Akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu ya babu, kofia kaigeuza, anachechemea na mkongojo — babu mtupu! "Mtumwa wangu kafa bila ruhusa yangu! Hussein, mvivu wewe, umekimbia palizi!" Bibi, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni, alicheka mpaka akaomba uji.

Nilirekodi. Nikakata mwanzo, pale bibi anapomwita. Nikakata na mwisho, pale mzee anavua kanzu, anaikunja taratibu na kulia kama mtoto. Klipu ndefu nani anaitazama? Nimeiposti kwenye ile akaunti yangu isiyo na jina wala sura. Juu nimeandika: Kuna watu hawana huzuni jamani!

Basi. Utani tu.

Alhamisi, 10 Julai

Klipu inatembea! Asubuhi nilikuwa nafurahi peke yangu kama mwehu. Kwenye foleni ya chai chuoni kijana mmoja anamwonyesha mwenzake, wanacheka, na mimi nimesimama nyuma yao na kikombe changu. Kwa mara ya kwanza nimejulikana, na hakuna anayenijua!

Jioni furaha yote imekwisha. Kuna mtu, sijui yuko wapi, ameichukua akaiwekea muziki na maandishi yake: Mlevi avamia msiba, avaa nguo za marehemu. Mlevi! Mzee Bernardo hata togwa hanywi. Halafu komenti. Anamwita maiti mtumwa. Huyu apigwe. Wanaomjua watuambie anakaa wapi.

Nikaandika chini, jamani huo ni utani wa makabila. Mmoja akanijibu, utani gani wa kutukana maiti. Mwingine akauliza utani ndiyo nini. Anauliza kweli, hajui! Nilidhani kila mtu anajua. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua.

Yangu nimeifuta. Zao zipo.

Jumapili, 13 Julai

Fausta amekuja chumbani nilikopanga hapa Old Korogwe, hata hodi hakumaliza. Fausta ni rafiki yangu, tunakaa dawati moja — na mzee Bernardo ni babu yake mzaa mama. Niliijua hiyo wakati naposti. Niliijua kabisa, sikuifikiria tu.

Amelia mpaka mto wangu umelowa. Shule anayolinda babu yake wamemwambia apumzike nyumbani kwanza, wazazi wanalalamika. Leo amepigiwa simu kwamba kanisani kigangoni watoto wamechechemea nyuma ya mzee mpaka mlangoni. Mzee hakuwageukia.

Akaniuliza: Yusra, wewe ulikuwepo, nani alishika simu?

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nikasema vijana walikuwa wengi. Akasema, Mbwana? Yule binamu yako anapenda sana simu. Mimi nikanyamaza. Sikusema ndiyo! Lakini nilinyamaza vile ambavyo mtu hunyamaza akikubali, na nilijua ninachofanya.

Akanishukuru. Akaomba nimsaidie kumtafuta aliyeposti wa kwanza, kwa kuwa mimi nayajua mambo ya mitandao. Nikasema sawa. Mnafiki mkubwa mimi.

Jumatano, 23 Julai

Mwalimu wa Mawasiliano alitupa insha: Mitandao ya kijamii na teknolojia mpya ya habari katika maisha ya mwanafunzi. Nilijaza kurasa. Tufikiri kabla ya kusambaza. Heshima ya mtu si bidhaa. Sijui maneno yale niliyatoa wapi, yalikuja yenyewe kama jasho.

Leo ameniita nisome mbele ya darasa. Nimesoma. Wamepiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu zaidi ni Fausta. Akaninong'oneza kwamba nikimwona babu yake nimwambie haya haya, atafarijika.

Nilienda nyuma ya bweni nikatapika. Nikamwambia mpishi ni maharage.

Jumamosi, 2 Agosti

Mbwana amenipigia. Ananiita dada kwa unyenyekevu, mpaka nikaogopa. Anasema kijiji kizima kinamtazama vibaya, Fausta kamtumia sauti ya matusi, baba mdogo kamchapa — mtu mzima kama yule! "Dada, simu yangu kamera ilikufa tangu Ramadhani, wewe si unajua? Waambie basi."

Ninajua. Mimi ndiye niliyemwazima yangu apige picha Idi.

Nikasema nitawaambia. Bado sijawaambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko Handeni, arobaini ya babu. Nimejifungia chumba cha bibi, naandika haraka.

Nilikuja nimeamua. Kwenye basi nilikuwa najisemea maneno yote kwa mpangilio. Kufika tu, nimemwona mzee Bernardo amekaa mkekani na wageni, shati jeupe limepigwa pasi, mikono mapajani. Nikasema shikamoo babu, akasema marahaba, basi. Maneno yangu yote yakapotea.

Kisomo kimekwisha, pilau imeliwa, mtani kimya. Bibi akatoka na fimbo yake. "Bernardo! Nani kakuketisha hapo kama mgeni?" Akajibu, "Naumwa jino, mama." Mama! Miaka yote anamwita mke wangu wa kurithi, mbele ya babu mwenyewe. Bibi alisimama kidogo, akageuka. Sahani ya bibi iko pale pale, haijaguswa.

Baadaye mzee akanivuta nyuma ya jiko. Kwa sauti ya chini anasema hawezi kumwacha Hussein aende hivi hivi, na bibi yangu anazidi kukonda. Lakini anaogopa. Mzee mzima ananiambia mimi anaogopa! "Mjukuu wangu, wewe msomi, Fausta kanisimulia ile insha yako. Zikusanye simu za watu, zote, ukae nazo ndani. Ukiniambia pako salama, nami nitamcheza Hussein kidogo tu. Wewe ndiye ninayekuamini."

Nimepita na beseni la kufulia. Wote wametoa. Fausta kaweka yake, akanibana mkono. Mbwana alipoweka yake, mama mmoja akasema kwa sauti, huyo mpekueni na mifuko. Watu wakacheka. Mbwana akaitoa mifuko yote miwili nje, mwenyewe, akasimama hivyo. Akanitazama mimi. Nikasogeza beseni kwa mwingine.

Sasa liko mapajani mwangu, zito. Yangu nimeiweka chini kabisa, na zao juu yake.

Uani wamenyamaza. Nawaona kwenye upenyo wa pazia: bibi ameletewa kigoda, Mbwana amejitenga kule kwenye banda la kuku. Mzee yuko hapa mlangoni upande wa nje, kofia ya babu mkononi, hajaivaa.

Ameuliza, "Mjukuu, pako salama?"

Nimejibu subiri kidogo, babu.

Ameuliza tena.