Ile ya Mgongo

Baba Kulwa wangu,

Leo nimekukasirikia tena, na kaburi lako bado udongo wake haujatulia. Nisamehe. Machozi yamenikauka, hasira ndiyo iliyobaki.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, umepinda, huwezi hata kuvua buti? Nilikukanda kwa maji ya moto, huku unacheka na kuuma shuka. Kesho yake daktari akakuandikia dawa za maumivu, tramadol, za siku chache. "Usizidishe," alikwambia, "na zikiisha urudi." Hukurudi. Ungerudi kufanya nini, wakati kila ulipokwenda duka la dawa ulirudishiwa cheti chako cha daktari? Hapa Segese hakuna aliyekipiga hata mstari mmoja kuonyesha kwamba dawa umeshapewa. Duka hili wanakuuzia, la pili wanakuuzia, wala hawajui kama umetoka kwa jirani yao. Ulikitumia mpaka maandishi yakafutika, na hapo walishakuzoea. Ukawa unasema tu, "Nipe ile ya mgongo," nao wanakupa.

"Kwani huo mgongo haujapona?" nilikuuliza.

"Umepona, Mama Kulwa. Ila nisipomeza, mwili wote unagoma."

Ulipandisha viroba vya mawe bila kuchoka, wenzako wakakusifu. Nyumbani ulitetemeka, ukajikuna, ugali ukausukuma pembeni. Nilikupenda, mtu mkaidi wewe, na sikujua nikushike wapi. Ulipoanguka kwa degedege, ndugu zako wakasema umerogwa. Wakakupeleka kwa mganga huko Mhunze, vidonge viko mfukoni mwako. Tulipokufikisha hospitali mwili wako ulikuwa umeshapoa.

Jana nilikwenda dukani kununua dawa ya kichwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya mlango, nasubiri chenji. Kulwa akaingia na vumbi la duara, hakuniona. Mwanao ana mgongo mzima, Baba Kulwa, hajawahi kulalamika hata siku moja.

"Naomba ile ya baba," akasema.

Muuzaji hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono kwenye rafu akampa.

Nikainuka, nikamshika mkono. Akanitazama kwa macho yale yako ya siku za mwisho.

"Mgongo tu, mama."

Pumzika, baba. Huku nyumbani hakuna anayepumzika.

Mkeo,
Mama Kulwa