Jina Lako Baada ya Mtandao Kubadilishwa Jina

Mpendwa baba,

Asubuhi hii mlima umefunguka mpaka theluji inaonekana, nikakukumbuka. Magoti yalipokulazimisha kuacha kuongoza wageni, hukukubali kukaa bure. Kila kukicha ulisimama nyuma ya migomba, ukapiga picha ya mlima na kuiweka kwenye ule mtandao maarufu, pamoja na maneno machache: mvua iko wapi, njia ikoje. Waongozaji na wapagazi walisoma ukurasa wako kabla hawajafunga mizigo.

Kisha wenye mtandao wakabadilisha jina lake na alama yake, ghafla, na kila mtu akatakiwa kujitambulisha upya. Ulinipigia simu nikiwa kule mjini, mtaa wa Soweto. "Mwanangu, ile alama yangu haipo. Hii mpya siijui. Isije ikawa matapeli."

Nikakwambia usubiri nipande kijijini Jumamosi tuitazame pamoja. Hukuwa peke yako. Hata kina mama wachuuzi wa mtaa wa Majengo walikuwa wameifuta kwenye simu zao wakidhani ni wizi.

Kabla sijafika, mtu mmoja mwenye kutafuta wateja wa safari alifungua ukurasa kwa jina lako na picha yako. Kwa kuwa kila kitu pale kilikuwa kipya, watu wakadhani nawe umeanza upya. Akaandika kwamba njia ni kavu. Huku kwetu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Jirani alipokuonyesha, hukupoteza muda kulalamika. Ulivaa mabuti, ukachukua mwavuli na fimbo, ukatembea mpaka kwenye geti la kupandia mlima. Nilisimuliwa baadaye na kijana mmoja mwongozaji aliyekuwa pale na wageni wake, tayari kupanda.

"Mzee, hapa imeandikwa kwa jina lako," alikwambia, akikunyooshea simu.

"Jina ni langu, maneno si yangu. Mto umejaa. Nimeuona kwa macho yangu."

Aliwatazama wageni, akakutazama wewe uliyelowa hadi magotini, akawaambia wateremshe mizigo. Mchana ule maji yalibeba daraja la magogo. Hakuna aliyekuwa juu yake.

Nilipofika Jumamosi nilikuwa na hasira kuliko wewe. Tuliwaandikia wenye mtandao, hawakujibu. Wewe ukasema tu, "Wana haki ya kujiita wanavyotaka. Lakini watu walishawazoea. Wangepiga hodi kwanza." Nimesikia wasomi wakieleza hasara za kampuni kuacha jina lililozoeleka, na sijasikia aliyelisema vizuri zaidi.

Ukaanza kurekodi sauti yako kila asubuhi, kwa Kiswahili chako chenye Kichagga ndani, maana hiyo hakuna ambaye angeweza kuiiga. Watu wakarudi polepole. Wengine hawakurudi kabisa kwenye mtandao ule, wakawa wanakupigia simu, nawe ukawapokea wote bila kuchoka.

Baba, tangu tukuzike nimekuwa nikiulizwa kama nitaendeleza ukurasa wako. Nimekataa. Sina macho yako ya kuusoma mlima, na watu walimwamini mtu, hawakuamini picha. Ninachoweza ni kuja hapa kihambani, kwenye shamba letu la migomba, kukata majani ya ng'ombe na mama, na kumsikiliza akikutaja kana kwamba umetoka kidogo tu.

Kuna asubuhi najikuta nimegeuka kukuamkia kabla sijakumbuka. Leo sijizuii. Shikamoo, baba.

Binti yako kitinda mimba