Mashine Niliyoiamini Mimi

Ijumaa. Joto la kunata, mawingu yamejaa na mvua haishuki. Nimenuna tangu asubuhi.

Nilimtilia shaka Salum tangu alipoingia. Siku hizi za ruksa, biashara imefunguliwa, kila anayerudi Dubai ana kitu cha ajabu cha kutuuzia. Yeye kaleta saa za kupima mapigo ya moyo, zenye mkanda wa kuvaa kifuani, na anataka kituo chetu cha afya kimwandikie barua kwamba zinasema kweli. Daktari akaniachia mimi, fundi wa vifaa, nichague mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo kwenye karatasi, ya kuzihakiki.

Salum alikuja na ya kwake, mpya, bado ina nailoni. Eti ananirahisishia kazi! Muuza saa aniletee na mashine ya kuzipimia? Nikamwambia tutatumia yetu, kuukuu, ninayoijua nje ndani.

Nina sababu ya kuwa mkali. Mdogo wangu Bakari alikuwa winga mzuri hapa Temeke. Mwaka jana nilimpima kwa mashine hiyohiyo, daktari akasoma karatasi, akasema moyo unakwenda mbio mno, aache mpira. Sasa Bakari ananisumbua nimpatie saa ya Salum, arudi uwanjani kidogo kidogo huku akiiangalia. Saa ikidanganya, nitamzika.

Nikamlaza Salum mwenyewe kitandani, mkanda kifuani. Saa ikasema sabini na mbili. Karatasi yangu, nilipohesabu miraba, ikasema tisini.

Nilifurahi. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi.

Sista Mwanaidi, muuguzi wetu, akamshika Salum mkono akahesabu huku akitazama saa ya ukutani.

"Sabini na mbili, dada," akasema. "Hiyo mashine yako leo ina nini?"

Moyoni nikasema, huyu keshahongwa khanga.

Salum akaaga, anawahi swala ya Ijumaa. Nikabaki na rula, nipate ushahidi wa kuwaumbua wote wawili. Karatasi inatakiwa kutembea sentimita ishirini na tano kwa sekunde kumi. Ikatembea ishirini. Nikarudia. Ishirini tena.

Karatasi ikienda polepole, mapigo yanabanana, na moyo uliotulia unasomeka kama unakimbia.

Nilikuwa narudia mara ya tatu mashine ya kusaga ya jirani ilipozimwa, wenyewe wakienda msikitini. Taa ya chumbani ikang'aa zaidi, karatasi ikashika kasi. Ishirini na tano kamili. Kumbe wale wakisaga, umeme wetu unapungua.

Bakari nilimpima mchana. Nakumbuka nilimwambia mara mbili atulie, hakunisikia kwa kelele za kusaga.

Nimeshuku saa, nimeshuku muuzaji, nimeshuku hata khanga ambayo sikuiona. Mashine yangu sikuipima hata siku moja.

Siku ile alipokatazwa mpira, Bakari alinipa viatu vyake vya mpira nimgawie mtu. Sikuweza. Viko hapa nyumbani, chini ya kitanda hiki nilichokalia.

Kesho asubuhi, kabla hawajaanza kusaga, nitampima upya. Labda moyo wake ni mzima, labda sivyo. Mimi sijui tena. Nitampitia kwake Kiwalani mapema.

Nivibebe viatu, au niende kwanza mikono mitupu nimwombe radhi?